Kabla Uitwe Mhesh, Beba Maji ya Timu Kwanza

Juni 2024 tulikuwa na msemo mmoja: hatuna kiongozi, hatuna kabila, hatuna chama. Tuliuandika kwa mabango, tukauimba mjini, na kila wakubwa walipouliza "sasa tuongee na nani?" jibu lilikuwa "na sisi sote." Msemo mtamu, na ulifanya kazi. Hakukuwa na mtu wa kununuliwa usiku ili wengine waambiwe asubuhi warudi nyumbani. Mswada wa Fedha ulikataliwa tarehe 26 Juni, siku moja baada ya wenzetu kuuawa barabarani.

Lakini wacha niseme kitu ambacho wasee wengi hawatakipenda. Viongozi walikuwepo. Walikuwa wengi sana, ni vile tu hawakuwa na kipaza sauti. Kuna waliokaa usiku kucha wakitafsiri mswada kwa lugha za nyumbani ili shosho naye ajue mkate wake unataka kuwekewa ushuru. Kuna waliobeba maji na dawa za kuosha macho. Kuna mawakili waliozunguka kituo kimoja cha polisi baada ya kingine wakitafuta waliokamatwa, na hawakuitisha hata nauli. Hao wote waliongoza. Tulikosa jina la kuwaita kwa sababu Kenya tumefundishwa kwamba kiongozi ni mtu mwenye gari kubwa, walinzi wawili na wimbo wa kampeni.

Sasa 2027 inakuja. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10. Na mnajua vile mambo yalivyo mtaani saa hii. Watu wa rika letu wameshaanza kutengeneza mabango. Mtu tuliyekuwa naye form four ana picha ameshika kidevu, chini imeandikwa "Sauti ya Vijana." Kila wadi ina vijana watatu wanaotaka kuwa MCA. Sina shida na hilo, tena nafurahi. Swali langu ni moja: wamefanya mazoezi wapi?

Hakuna mtu anayeamka tu asubuhi akakimbia marathoni. Kwa nini tunadhani mtu anaweza kuamka akaongoza watu elfu thelathini wakati hajawahi kuongoza hata watu kumi na tano?

Wafuasi si watu unaowaongoza

Nianze na upande wetu sisi wa mitandao, ndio msiseme nawaonea wanasiasa. Kuna uongo tunaambiana huku kwamba mtu mwenye wafuasi wengi ni kiongozi tayari. Hapana. Mtu akinifuata TikTok hanipi chochote cha kubeba. Akichoka ananipita kwa kidole. Nikisema upuzi, nusu watacheka na nusu watanitusi, na hakuna hata mmoja atakayekuja kunikalisha chini aniambie, "Buda, pale ulikosea, na hii ndiyo sababu."

Hii kazi ina hiyo shida. Unapata sifa na matusi kwa wingi, lakini marekebisho hupati. Na mtu asiyerekebishwa haongezeki. Mimi chuo niliacha, sina lekchara wa kunirudishia karatasi ikiwa na wino mwekundu. Mahali pekee ambapo mtu ananiambia ukweli machoni ni kwenye kikundi chetu cha kukimbia Jumamosi, kwa sababu pale hakuna anayejali nina wafuasi wangapi. Wanajali kama nimefika saa kumi na mbili na nusu nilivyosema, na kama nimebeba funguo za mahali tunaweka mabegi.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Uongozi haufunzwi kwa semina ya siku mbili yenye chai ya saa nne na cheti cha rangi ya dhahabu. Unafunzwa mahali ambapo kuna watu, kuna jasho, na kuna kitu kinaharibika ukizembea. Kwa lugha rahisi: tafuta kitu cha kufanya na watu wengine, ukifanye kila wiki, na ukubali kupewa ile kazi ambayo haina picha.

Uraibu wako ni upi?

Mnakumbuka insha za Kiswahili za shule ya msingi? "Uraibu wangu ni kuogelea, kusoma vitabu vya hadithi na kucheza kandanda." Hata kama ulikuwa hujawahi kuona kidimbwi, uliandika kuogelea. Leo ukisikia neno uraibu kwa redio, ni uraibu wa pombe, uraibu wa kamari, uraibu wa simu. Neno ni lile lile. Kitu kinachokushika na kukurudisha tena na tena. Tofauti ni kama kinakurudisha ukiwa mkubwa kidogo au ukiwa mdogo kidogo.

Ukweli mchungu ni kwamba wengi wetu uraibu wetu saa hii ni simu na mkeka. Jumamosi inaisha mtu amelala kejani, shingo imepinda, anangoja timu ya Uturuki ifunge dakika ya tisini. Huyo si mtu mbaya. Lakini hajafanya kitu chochote siku nzima ambacho kilihitaji amngoje mtu mwingine, amsikilize mtu mwingine, au akubali kushindwa na mtu aliye mbele yake na kumpa mkono.

Kushindwa na kupeana mkono. Nyinyi fikirieni ni viongozi wangapi wa nchi hii hawajui hicho kitu kimoja.

Somo la mtu wa nyuma

Chukua kupanda milima, maana siku hizi kila mtu ana picha ya Ngong Hills, pale kwa zile mashine za upepo. Tuache picha kando. Ukienda na kikundi kinachojua kazi yake, Ngong au Longonot, utaona kuna watu wawili wenye majukumu. Mmoja yuko mbele, anajua njia. Mwingine yuko nyuma kabisa, na kazi yake ni moja tu: hakuna mtu anabaki nyuma yake. Yule wa mbele ndiye anaonekana kwa picha. Yule wa nyuma ndiye anafanya kila mtu arudi nyumbani.

Sasa angalia kitu hiki, ambacho ukishakiona huwezi kusahau. Wenye nguvu wanatangulia, wanafika mahali pazuri, wanakaa, wanakunywa maji, wanapiga picha. Dakika kumi na tano baadaye yule wa mwisho anafika akihema. Anapofika tu, wenye nguvu wanasimama: "Haya, twende!" Kwa hivyo aliyechoka zaidi hapumziki hata mara moja, na aliyechoka kidogo amepumzika mara tano. Halafu tunasema yeye ni mzembe.

Kiongozi mzuri wa mlima anajua hilo. Akifika kwa kituo, hesabu ya mapumziko inaanza mtu wa mwisho akifika. Mara nyingine anamweka yule wa polepole mbele, kikundi chote kifuate mwendo wake. Wenye haraka watanung'unika, na ni kazi yake kuvumilia manung'uniko.

Mtu aliyejifunza hivyo Longonot, kwenye ile njia ya vumbi inayopanda hadi ukingo wa kreta, ukimpa wadi kuongoza atauliza maswali tofauti. Atauliza maji yanafika nyumba ya mwisho saa ngapi, si nyumba ya kwanza. Atauliza basari ilimfikia nani, si ilitangazwa wapi. Hatahitaji mshauri wa kumwambia. Mwili wake unajua tayari.

Mathare walifanya hii kitu kabla tuzaliwe

Kuna watu watasema haya ni maneno ya watu wa Karen wenye viatu vya elfu kumi na tano. Basi twende Mathare.

Mwaka 1987 kulianzishwa Mathare Youth Sports Association, MYSA. Wazo lilikuwa rahisi mpaka unashangaa. Watoto wanataka mpira, na mtaa umejaa takataka. Kwa hivyo timu za ligi zilipata pointi kwa kushinda mechi, na zikapata pointi kwa kusafisha mtaa pia. Pointi za usafi ziliingia kwa jedwali la ligi pamoja na zile za mabao. Unaweza kuwa na mshambuliaji hatari kuliko wote lakini kama timu yako haishiki reki na wilibaro, mnateremka kwa jedwali.

Na vijana wenyewe ndio walichagua kamati, wakapanga ratiba, wakawa makocha na marefa. Waliojitolea zaidi walisaidiwa karo. Kutoka hapo ikatoka Mathare United, na 2008 wakachukua ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya.

Nataka muone kilichofichwa hapo ndani. Hakuna aliyewahubiria wale watoto kuhusu maadili. Hakuna aliyewaletea bango la "Uadilifu ndio nguzo yetu." Maadili yaliwekwa ndani ya mchezo wenyewe, yakawa pointi. Mtoto wa miaka kumi na mbili akajua bila kuambiwa kwamba kushinda na kutumikia ni hesabu moja.

Vifaa vilikuwa gani? Mpira na uwanja wenye mashimo. Hata leo drafti inachezwa kwa vifuniko vya soda nje ya kinyozi. Kukimbia ni viatu ulivyonavyo. Kwaya ya kanisa ni bure, kaswida ni bure, na mtu aliyewahi kujaribu kupanga sauti nne za waimbaji waliokasirikiana anajua siasa kuliko mjumbe wa kaunti.

Lakini dada zangu wana hoja nyingine na hiyo siipuuzi. Msichana hawezi tu kuamka saa kumi na moja asubuhi akimbie peke yake kwa barabara isiyo na taa. Wengi waliacha mazoezi si kwa uvivu bali kwa sababu ya kufuatwa na kuitwa majina. Basi hapo ndipo kijana anayetaka kuongoza aanzie. Panga muda ambao kuna mwanga. Panga njia ambayo wote mnarudi pamoja, na hakuna anayeachwa stejini peke yake. Na yule rafiki yako mwenye mdomo, mwambie anyamaze, mbele ya watu. Kama huwezi kufanya hivyo kwa watu kumi, usituambie utalinda wanawake wa kaunti nzima.

Wale wa kuweka kasi

Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kila mtu anaijua hiyo picha ya yeye akifika, ananyoosha kidole. Wachache wanazungumzia wale 41 waliomwekea kasi, wakipokezana vikundi kwa vikundi, wengine mbele yake na wengine nyuma, kumkinga na upepo. Ndani yao kulikuwa na watu wenye medali zao za Olimpiki na mabingwa wa dunia. Walikimbia sehemu yao, wakatoka, wengine wakaingia. Na mwishoni kabisa, wale waliokuwa mbele walijitenga kando na kumwachia njia amalize mwenyewe.

Huo nao ni uongozi. Kuwa mbele, kukatiza upepo, halafu kujua wakati wa kutoka kwa njia. Sisi hapa tuna watu wako mbele miaka thelathini, hawakatizi upepo wowote, na wanaona aibu ni kutoka.

Na huyo Kipchoge mwenyewe, pale kambini Kaptagat, alikuwa na zamu yake ya kuosha choo kama wengine. Bingwa wa Olimpiki mara mbili. Kazi za kambi zinagawanywa, na jina lako halikuondoi kwa orodha. Nikisikia mtu anataka kura yangu, hicho ndicho kitu cha kwanza ningependa kujua: zamu yako ya choo ilikuwa lini?

Lakini michezo pekee haitoshi

Hapa lazima tuwe wakweli, maana mtu atakuja na kusema, "Kwani hata michezo haina wezi?" Inao, na wametuaibisha sana. Sakata la Olimpiki ya Rio 2016 mnalikumbuka, vile pesa na sare za wanariadha zilivyotumika vibaya, hadi aliyekuwa waziri wa michezo akapatikana na hatia ya matumizi mabaya ya ofisi mwaka 2021. Wanariadha wetu wangapi wamefungiwa kwa dawa za kusisimua misuli? Jasho halimfanyi mtu kuwa mwema. Mwizi mwenye mapafu mazuri ni mwizi anayekimbia haraka.

Kwa hivyo hobi inakupa uwanja, lakini maadili lazima uyaingize mwenyewe. Na maadili kwa Kiswahili cha mtaa ni kitu kimoja kikubwa: pesa ya watu ikikaa kwa simu yako, inakaaje?

Kila kikundi kina huyu mtu. Mnachanga ya jezi, au ya gari la kwenda Naivasha, mia tano mia tano, kwa namba ya mmoja wenu. Ikifika Ijumaa anaanza: "Nilikuwa nimekopa kidogo, nitarudisha." Elfu mbili tu. Watu wanacheka, wanasema ni rafiki yetu, tusimharibie jina. Huyo huyo miaka kumi baadaye ndiye atasimamia basari ya wadi, na tutashangaa eti alibadilika alipoingia ofisini. Hakubadilika. Sisi ndio tulimfundisha, Ijumaa ile, kwamba hakuna atakayeuliza.

Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 inaitwa Uongozi na Uadilifu. Kifungu cha 73 kinasema, kwa ufupi, kwamba mamlaka ni amana ya wananchi, na anayepewa anapewa jukumu la kuwahudumia, si nguvu ya kuwatawala. Tunapenda kuwasomea wabunge hicho kifungu. Kisome kwa kikundi cha WhatsApp cha timu yako kwanza. Mweka hazina awe anatuma hesabu kila mwisho wa mwezi bila kuulizwa: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Mwenye kuuliza asiitwe mchochezi. Kapteni abadilishwe kila msimu hata kama ni mzuri, ili mtu mwingine naye ajue uzito wa kitambaa cha mkononi.

Watu wakizoea hivyo kwa mia tano, watashangaa sana wakikatazwa kuuliza kuhusu milioni mia tano. Na nchi inahitaji watu wanaoshangaa. Sisi tumeacha kushangaa.

Ongoka, halafu uongoze

Kiswahili kiliona mbali. Kuongoka ni kushika njia iliyonyooka. Kuongoza ni kuwapeleka wengine kwa njia. Yale maneno mawili ni ndugu, na mimi nayasoma kwa mpangilio huo: njia ishike wewe kwanza.

Kujikuza si kuposti nukuu za matajiri saa kumi na moja asubuhi. Ni vitu vya kuchosha. Kufika saa uliyosema. Kusoma kitabu hadi mwisho. Kusikiliza mtu mwenye hasira bila kuandaa jibu. Kumwacha mdogo wako apige penalti ijapokuwa unajua wewe ungefunga. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopata likes.

Sitawadanganya kwamba kikundi cha kukimbia kitaleta kazi. Hali ni ngumu na hakuna mlima unaolipa kodi ya nyumba. Lakini kazi ikikosekana, kuna vitu viwili vinavyobaki mikononi mwetu: muda, na watu tulio nao. Wanasiasa wanajua hilo, ndio maana wanakuja kununua vyote viwili kwa mia mbili na fulana.

Basi mtu wa rika letu akija kukuomba kura, usimuulize atafanya nini. Ahadi ni bure. Muulize maswali matatu. Ni kikundi gani uliwahi kuongoza ambacho hakikukulipa? Hesabu ya pesa yake iko wapi? Na nani alichukua nafasi yako ulipotoka, bado kinaendelea?

Akikosa majibu, mwambie arudi mtaani. Agosti 2027 bado, anaweza kuanza Jumamosi hii. Timu yoyote iliyo karibu naye inahitaji mtu wa kubeba maji.

Na wewe unayesoma, ukishamaliza kumcheka, jiulize hayo hayo matatu.